Mizizi ya Vita Kwenye Uwanja wa Omena

Nilimwambia shemeji yangu asisome kitu kingine chochote isipokuwa vita. Hilo ndilo kosa langu, na afadhali nilitaje mwenyewe kabla hajalitaja mtu mwingine, maana pale kwetu Sindo, kando ya ziwa, wanaolijua ni wengi. Nililitamka nikiwa nimekaa mlangoni, wavu wa mtu magotini, sindano ya kushonea mdomoni, na kwa kuwa hakuna aliyenibishia nikalirudia. Mtihani wake ulikuwa umebaki miezi minane.

"Vita tu, shemeji?" aliuliza.

"Vita tu."

"Na mambo ya kilimo? Na afya?"

"Hayo wanasoma watu wasiojua mtihani unavyotungwa."

Mimi nilikuwa najua, au nilikuwa nadhani najua, na ujuzi wangu ulitoka Migori. Nilisoma sekondari ya bweni kule, na mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na mtindo wa kuvunja maneno kama mtu anavyovunja muwa: kichwa, kiuno, mkia. Kichwa ni kipande kinachowekwa mbele, kiuno ni mzizi wenyewe, mkia ni kile kinachobandikwa nyuma. Ukishavijua vipande, alisema, hakuna neno la kukutisha, hata liwe refu namna gani. Mifano yake yote ilikuwa ya vita. Sijui kwa nini. Alikuwa mtu mpole aliyefuga sungura. "Bell" ilikuwa vita kwa Kilatini. "Arm" ni silaha. "Milit" ni askari, "pugn" ni kupigana, "vinc" na "vict" ni kushinda, "host" ni adui. "Pac", ambayo ni amani, aliifundisha mwisho kabisa, dakika tano kabla ya chakula, na nusu ya darasa hawakuinakili. Mbele unaweka "anti" au "post" au "dis", nyuma unabandika "ent" au "ize", na neno linainuka na kuanza kutembea.

Mwaka wangu wa mtihani, kifungu cha ufahamu kilikuwa cha falme mbili zilizopigania mto. Nilijibu kama mtu aliyekuwepo. Masomo mengine yote niliyafanya vibaya, kwa utulivu, lakini Kiingereza kilinipa alama ambayo hadi leo naweza kuitaja bila kuulizwa. Nikahitimisha kwamba watunga mitihani wanapenda vita. Sikwenda kutazama karatasi za miaka mingine. Mtu akishapata samaki mkubwa kwa ndoano moja, haendi kuuliza kama kuna ndoano nyingine.

Baada ya shule nilirudi nyumbani na sikutoka tena. Kaka yangu mkubwa alikuwa mvuvi kisiwani Mfangano, anakuja mara moja kwa mwezi au miwili. Mimi nilibaki bomani nikishona nyavu zilizochanika. Wavuvi waliniletea, nikashona, wakaja kuchukua. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu kama mimi: dunia inakuja mlangoni kwako ikiwa na matundu, unayaziba, inaondoka. Redio ilikuwa kando, na kupitia redio nilizijua vita zote za dunia bila kuvuka barabara.

Shemeji, mke wa kaka, alikuwa tofauti. Alikuwa amemaliza Kidato cha Nne mwaka alioolewa, akafaulu kila kitu isipokuwa Kiingereza, ambacho kilimshusha hadi chuo cha ualimu kikamkataa. Alitaka kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hakutaka kitu kingine na hakuficha. Alipoomba kurudia mtihani kama mtahiniwa wa nje, kaka alifikiri muda mrefu, akaja kusimama mbele yangu.

"Wewe si ulipata ile alama ya Kiingereza?"

"Niliipata."

"Basi atasoma chini yako. Mara moja. Akianguka tena, ahamie kisiwani tukae kama watu wengine, na habari ya shule iishe. Na ukiniambia hasomi, au hasikii unachosema, inaisha hapo hapo."

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake na sufuria mkononi. Alinitazama mimi, siyo kaka. Wakati ule nilidhani ananitazama kwa heshima.

Darasa letu lilikuwa kwenye uwanja wa kuanika omena, dagaa wa ziwa letu, maana asubuhi yeye hakuwa na nafasi mahali pengine. Mashua zikishateremsha, wanawake walinunua omena kwa beseni, wakaitandaza juu ya nyavu kuukuu zilizolazwa mchangani, kisha kazi ikawa kugeuza kwa ufagio, kufukuza kunguru na yangeyange, kugeuza tena, na kutazama mbingu. Jua likiwaka vizuri omena inakauka kabla ya jioni. Mvua ikija, unakimbia. Niliona kwamba mtu anayegeuza omena anatembea mstari mmoja mara arobaini kwa siku, akili haina kazi. Nikakata maboksi ya sabuni vipande vya ukubwa wa kitabu, nikaandika juu yake kwa kalamu nene ya wino mweusi, neno moja kila kipande, na chini yake vipande vyake vitatu. Nikavifunga kwa uzi wa nyavu kwenye vijiti, nikavichomeka kando ya mistari yake. Mstari wa kwanza ulikuwa wa "bell". Wa pili "arm". Wa tatu "milit". Akifika mwisho wa mstari anageuka, anasoma kijiti, anarudi akisema.

Uwanja wa jirani yetu ulipakana na wake. Jirani huyu alikuwa mama mtu mzima, mjane, ambaye hakuwahi kusoma na hakuona kwamba jambo hilo linampunguzia haki ya kusema. Aliniita japuonj, yaani mwalimu kwa Dholuo, na namna alivyolitamka ilinifanya niangalie kama nimevaa shati vizuri.

"Japuonj, leo umetoka nyumbani! Kuna moto?"

"Nafundisha, mama."

"Haya fundisha. Lakini usisimame juu ya omena yangu."

Nitasema ukweli: shemeji alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko nilivyokuwa mwalimu. Siku ya tatu alisimama na ufagio wake akauliza, "Shemeji, 're' si ni kurudia? Na 'bell' ni vita. Kwa hiyo 'rebel' ni mtu anayerudia vita?"

"Ndiyo. Alishindwa mara ya kwanza, akaanza upya."

"Kumbe ni kama mimi na mtihani."

Jirani akacheka mpaka akaacha kugeuza. "Na yule anayekaa nyumbani vita ikija anaitwaje?"

"Hilo sijalifikia, mama."

"Ulifikie haraka. Ndilo lako."

Wanunuzi waliotoka Homa Bay na magunia yao walisimama mbele ya vijiti wakasoma. Mmoja aliuliza "Armistice" ni omena ya bei gani. Nilimweleza kwamba ni silaha kusimama, watu wakitulia kupigana kwa muda, na kwamba "arm" ni silaha na "stice" ni kusimama. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akamgeukia shemeji: "Na ya kawaida munauza aje?" Wiki ile ile vijana wa mashua walianza kunipigia saluti. Waliniita Jenerali. Mtu anapita na mtungi begani, anasimama wima, anapiga mguu chini, maji yanammwagikia, anaendelea na safari yake. Nilijifanya sipendi.

Mimi nilishuka uwanjani asubuhi tu. Jua likianza kuwa kali nilirudi kwenye kivuli changu na nyavu zangu, nikiwaacha na vijiti. Niliona ni mpango mzuri: mwalimu anapanda, mwanafunzi anapalilia.

Mwishoni mwa Aprili nilifika kwenye mikia. Nilikuwa nimeutunza mkia wa "cide" kwa sababu ni rahisi na una mifano ya nyumbani. "Cide" ni kuua. "Insecticide" tulikuwa nayo dukani kwenye kopo, ina picha ya mende amelala chali. "Homicide" ni kuua mtu. "Suicide" ni kujiua. Na kwa kuwa redio ilikuwa imeanza kulitumia neno hilo kila siku, nikaandika na "genocide", nikalivunja: "geno", watu wa ukoo mmoja, "cide", kuua. Niliandika kwa herufi safi. Nakumbuka nilifurahia jinsi lilivyogawanyika vizuri.

Mwezi wa Mei zikaja habari kwamba maiti za vita vya Rwanda zimebebwa na mto hadi ziwani. Zilionekana upande wa mbali, siyo kwetu. Ziwa ni kubwa, na mtu mwenye ramani angeweza kueleza kwamba kutoka kule hadi Sindo ni mwendo mrefu. Hakuna aliyekuwa na ramani. Wanunuzi wa bara waliacha kuja. Kwanza walipungua, kisha siku moja hakuja hata mmoja. Watu walisema hawawezi kula kitu kilichokula watu. Mama mmoja alisema omena ni ndogo mno kula mtu, na mwingine akamjibu kwamba ndiyo, lakini ni nyingi. Omena ilikaushwa, ikatiwa magunia, magunia yakakaa. Nyingine iliuzwa kuwa chakula cha kuku. Mashua zilitoka kwa mazoea tu. Mimi nilikuwa na nyavu chache za kushona kuliko wakati wowote, na redio ilikuwa na maneno yangu yote, mengine hata sikuwa nimeyafundisha bado.

Asubuhi moja nilishuka nikakuta nyavu za shemeji zimelazwa mchangani tupu. Hakukuwa na cha kuanika. Vijiti vyangu vilikuwa vimesimama kando ya mistari isiyo na kitu, na yeye alikuwa anang'oa kimoja. Kilikuwa kile cha "genocide".

"Hicho hatujakimaliza," nilisema.

"Hiki nimeshakijua," alisema, akakiweka chini ya beseni.

Mtu mwingine angesema kitu. Mimi nilirudi nyumbani nikapunguza sauti ya redio, ambalo lilikuwa jambo kubwa kwangu.

Soko lilirudi polepole, lakini kabla halijarudi alikuja kaka. Alifika na mashua ya injini, akala, akasema alichokuja kusema. Huku bara omena hainunuliwi. Kisiwani angalau mtu anakula alichovua na hakuna wa kumletea habari za mito. Wake za wenzake wawili walikuwa wamehamia. Shemeji afunge vitu vyake.

"Mtihani ni mwezi wa kumi na moja," alisema shemeji.

"Mtihani utakuwepo hata mwaka ujao."

Sote watatu tulijua kwamba hautakuwepo. Shemeji aliweka vyombo chini, akanitazama vile alivyonitazama siku ya sufuria. Mimi si mtu wa kubishana na kaka. Kwa kawaida kaka akisema jambo mimi huchukua wavu. Siku ile, sijui kwa nini, nilisema, "Kabla hujamchukua, muulize neno. Neno lolote la vita."

"La nini?"

"Umenipa kazi, kagua kazi."

Kaka alifuta mikono. "Haya. Mtu anayependa vita, kila saa anatafuta ugomvi."

"Belligerent," alisema shemeji. "'Bell' ni vita, 'ger' ni kubeba. Anatembea amebeba vita."

"Huyo ni nahodha wangu kabisa. Mtu asiyeshindika?"

"Invincible. 'In' ni si, 'vinc' ni kushinda, 'ible' ni kuwezekana. Haiwezekani kumshinda."

"Kunyang'anya watu silaha?"

"Disarm. Lakini kama ni mahali pazima, unatoa askari wote na silaha zote, ni demilitarize."

"Hiyo ya mwisho irudie."

Aliirudia. Akaambiwa airudie tena, polepole. Kaka alikuwa anaisikiliza kama mtu anayesikiliza injini mpya. Alijaribu mwenyewe, ikamkwama katikati, akacheka, na nilijua tumepona.

"Sawa. Abaki. Lakini nimesema ni mara moja." Akanigeukia mimi. "Kumbe kweli unamfundisha. Nilidhani unalala."

Nilisikia baadaye kwamba kule kisiwani alilitumia neno lile kuwaambia vijana wake waache visu vyao nje kabla ya kula.

Ushindi huo uliniharibu. Kuanzia Juni nilikuwa na hakika kamili. Shemeji aliuliza mara moja tu, taratibu, kama haingefaa tuandike japo barua moja ya kuomba kazi, kwa mazoezi. Nilimwambia barua ni kitu cha mtu asiyejua "pugnacious". Akasema, "Haya, shemeji," na hakuuliza tena. Niliongeza vijiti. Ilipofika Oktoba mistari yake yote ilikuwa imezungushiwa, na mtu aliyetazama kutoka ziwani angedhani ni makaburi madogo ya watu wa mbali.

Mtihani ulifanyikia Homa Bay, na kaka alisema nimsindikize. Nilisafiri. Naiandika kama nilivyoiishi: nilisafiri, nikafika, nikalala kwa shangazi yetu kwenye kitanda kisicho changu, na asubuhi ya karatasi ya Kiingereza nikakaa kwenye kibanda cha chai kinachotazama lango la shule. Niliagiza chapati. Nilikuwa naona ile karatasi kichwani, falme zake, mto wake.

Alitoka jua likiwa utosini, kitambaa begani, mwendo wake wa kila siku.

"Vita vilikuja?" nilimuuliza kabla hajaketi.

"Havikuja."

"Hata kidogo?"

"Kilikuja kifungu cha nyuki."

"Nyuki wanapigana?"

"Wanatengeneza asali, shemeji."

Nilimtazama. Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mwavuli wake.

"Na kuandika?"

"Barua ya kuomba kazi. Na insha, ueleze siku ya soko kwenu."

Sikuweza kula chapati. Niliisukuma upande wake na akaila, yote, akaomba na chai. Mimi nilikuwa nahesabu: miezi minane, maboksi yote yale, mtu mzima mwenye akili nzuri nimemfungia kwenye uwanja wa vita na mlango wa mtihani ulikuwa upande wa pili. Nilimwona tayari kisiwani, anapika kwa kundi la wavuvi hadi nywele zake ziwe nyeupe. Yeye aliniuliza kama ninaumwa. Nilidhani anajikaza kwa ajili yangu, na hilo liliniuma zaidi.

Miezi ya kusubiri sikushuka uwanjani. Nilisema nina nyavu nyingi. Jirani alipita mlangoni akasimama.

"Jenerali amejeruhiwa?"

"Niko na kazi, mama."

"Kazi gani, na wavu wenyewe umeupindua."

Kweli nilikuwa nimeupindua. Kaka alituma karatasi ndogo na mtu wa mashua: vita vilikuja? Nilikaa nayo siku mbili, nikajibu kwamba vilikuja kiasi. Huo ndio uongo pekee wa maandishi niliomwandikia kaka yangu maishani, na niliuandika vizuri, kwa herufi za kuunganisha.

Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, shemeji alikwenda Homa Bay peke yake. Nilimwambia niko na homa. Alirudi jioni ile ile, akaingia bomani, akanipa karatasi. Kiingereza kilikuwa kimepanda hatua tatu. Nilitazama jina la juu, nikatazama namba, nikatazama tena. Kwa muda wa kikombe cha chai nilinyamaza. Baada ya hapo sikunyamaza tena kwa miezi kadhaa.

Nilieleza nadharia yangu kwa kila aliyeleta wavu. Nilisema kwamba akili ikishazoezwa kwa vita, nyuki ni kitu kidogo. Nilisema kuvunja maneno ni kuvunja maneno. Asali yenyewe ina kichwa na mkia. Watu walikubali, maana nyavu zao zilikuwa mikononi mwangu. Kaka alituma mbuta, yaani sangara, ambaye mkia wake ulitoka nje ya gunia, na salamu kwamba ni wa kuliwa na mwalimu. Nilimla kwa siku tatu. Chuo kilimkubali shemeji, akanunua sanduku la bati, na asubuhi ya kuondoka alikuja kunishika mkono.

"Asante, shemeji. Bila wewe kaka yako hangekubali."

"Si kitu," nilisema. Nilikuwa nimesikia neno asante, sikusubiri lililofuata.

Haukupita mwezi, akaja mtu kutoka Magunga. Amesikia kwamba kuna mwalimu hapa anayefundisha Kiingereza kwa njia ya vita, mke wake naye anataka kurudia mtihani, nitakubali? Nilimwambia nitafikiria, kwa sauti ya mtu ambaye ameshakubali. Alipoondoka tu nikaenda kwenye chumba cha shemeji cha kuweka vitu, maana vijiti vilikuwa huko, vimefungwa vizuri kwa uzi wangu mwenyewe, robo gunia. Nilivitoa nje juani ili nione ni vipi vimefifia niviandike upya.

Kilichoanguka kwanza kilianguka kifudifudi.

Nyuma yake kulikuwa na maandishi. Yalikuwa ya shemeji, madogo, kwa kalamu ya buluu, na yalijaza boksi lote hadi pembezoni. Ilikuwa barua ya kuomba kazi kwa mkuu wa shule. Nikageuza cha pili: maswali ya kujaza nafasi, yamenakiliwa kutoka gazeti la kufungia sukari. Cha tatu: insha kuhusu kuhifadhi maji. Cha nne: barua tena, safari hii fupi na nzuri zaidi. Nyuma ya "Armistice" kulikuwa na siku ya soko. Nyuma ya "Invincible" kulikuwa na siku ya soko tena, imeandikwa upya kutoka mwanzo. Nilikaa chini na kuvigeuza vyote. Mbele vita, nyuma dunia nzima.

Na kwenye kila kimoja kulikuwa na wino mwekundu. Haukuwa mkono wa shemeji wala wangu. Ulikuwa mkono wa mtu anayesahihisha kila siku: vema mbili hapa, mstari pale, namba chini na duara. Katika insha ya maji shemeji alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba mvua ya kwetu ni "belligerent". Wino mwekundu ulikuwa umelizungushia neno hilo na kuandika pembeni, kwa Kiswahili: "Ondoa. Nani anakufundisha haya?" Chini yake, kwa kalamu ya buluu, shemeji alikuwa amejibu: "Shemeji. Lakini namhitaji."

Nilisoma jibu hilo mara kadhaa. Halikuwa na maneno magumu.

Uwanjani, jirani alikuwa anageuza omena. Nilikwenda nikiwa nimeshika vipande viwili, kimoja mkono huu na kingine huu. Nilimuuliza ni nani mwenye wino mwekundu. Hakusimamisha ufagio. Akasema ni yule mwalimu wa kike wa shule ya msingi, anayekuja kununua omena siku za Jumamosi. Yeye jirani ndiye aliyempelekea maboksi, ndani ya beseni, chini ya omena, na kuyarudisha Jumatatu. Nilimuuliza yalikuwa yanageuzwa saa ngapi. Akasema nikishapanda kurudi kwenye kivuli changu, kabla sijafika mlangoni. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu wiki ya pili. Nilisema, na nilikuwa na maana ya kusema kwa upole lakini sauti ilitoka vingine, kwamba mtu mmoja, hata mmoja tu, angeweza kuniambia.

Hapo aliacha kugeuza. Aliegemea ufagio, akanitazama kuanzia viatu kupanda juu, akasema:

"Yawa, japuonj, sisi wote tulijua. Tungekwambia ungenuna, na ukinuna ungemwandikia ndugu yako kwamba mke wake hasikii, na huyo dada saa hii angekuwa kisiwani anasonga ugali ya wavuvi. Sisi tulikuwa tunataka tu ukae hapo uonekane unafundisha, na hiyo uliiweza vizuri."